Fundisheni Baiskeli ya Majira ya Baridi: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jumuiya za Waswahili Nchini Ufini

Kwa wenyeviti, makatibu na wazee wa jumuiya za Waswahili nchini Ufini. Kwa wachungaji, mapadri na maimamu wanaowahudumia watu wetu. Na kwa akina mama wanaoongoza vikundi vya wanawake.



Nawaandikia kuhusu jambo ambalo katika mikutano yetu huangukia kwenye ajenda ya mengineyo, kama likitajwa: jinsi watu wetu wanavyofika kazini, shuleni na dukani kuanzia Oktoba hadi Aprili. Kila mgeni tunayempokea hufundishwa mambo mengi katika wiki zake za mwanzo. Huonyeshwa namna ya kufungua akaunti ya benki, kukata tiketi ya basi kwenye simu, kutenganisha taka, kuvaa nguo mbili tatu kwa kupandanisha. Baiskeli hutajwa kama kitu cha kiangazi, na theluji ya kwanza ikianguka hufungiwa stoo hadi Mei. Ninachowaomba ni kwamba jumuiya zetu zichukue jukumu la kufundisha kuendesha baiskeli kwenye baridi, barafu na giza, kwa Kiswahili, kabla majira yenyewe hayajafika, kwa uzito uleule tunaoupa ujuzi wa lugha na taratibu za ofisi. Ujuzi huu upo, una vifaa vyake na kanuni zake, na mtu mzima mwenye akili timamu anaupata kwa wiki chache. Watu wetu hawanao kwa sababu hakuna aliyewapa.

Tuanze na nani hasa anayeumia. Wengi wetu, wawe Wakongomani waliokuja kwa mgao wa wakimbizi au Watanzania na Wakenya walioletwa na masomo na ndoa, huanzia kwenye kazi zinazofanywa wakati wengine wamelala: kusafisha ofisi na maduka, kuhudumia wazee, kupanga mizigo maghalani, kusambaza magazeti majumbani, kuosha vyombo hotelini. Zamu ya usafi ikianza saa kumi na moja alfajiri, basi la kwanza mara nyingi halijatoka, na Jumapili ndiyo kabisa. Mwajiri akiuliza kwenye usaili, "Utafikaje?", jibu hilo huamua mengi. Leseni ya udereva hapa hugharimu zaidi ya euro elfu moja hata kabla hujawaza bei ya gari, bima, mafuta na seti mbili za tairi, za kiangazi na za baridi. Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma matangazo ya Kifini mitaani, gari ni mpango wa miaka miwili mitatu. Baiskeli ya mtumba hupatikana wiki hii. Lakini kama mwenyewe anajua kuitumia miezi ya jua tu, basi ana usafiri wa nusu mwaka, na zamu za alfajiri atazikubali kwa nusu mwaka tu.

Najua jibu linalokuja haraka: kwenye barafu haiwezekani. Itazameni Oulu. Ni mji wa watu zaidi ya laki mbili, kama kilomita 170 tu kusini mwa Mzingo wa Aktiki. Mwishoni mwa Desemba jua huonekana huko kwa saa tatu na nusu hivi, kisha giza linarudi. Hata hivyo karibu safari moja kati ya tano mjini humo, kwa hesabu ya mwaka mzima, hufanywa kwa baiskeli, na katika majira ya baridi bado ni kama 12 katika kila 100. Shule ya Metsokangas iliyo pembezoni mwa mji huo ilipata umaarufu duniani kwa picha za mamia ya baiskeli zilizoegeshwa kwenye theluji asubuhi ya nyuzi 17 chini ya sifuri. Kati ya wanafunzi wake wapatao 1,200, kama elfu moja walikuwa wamekuja kwa baiskeli. Wale ni watoto, wengine wadogo kiasi kwamba kwetu tungewashika mkono kuvuka barabara.

Watoto wale hawana damu tofauti na ya watoto wetu. Wana mji uliojipanga. Oulu ilianza kuchora mtandao wake wa njia za baiskeli mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo una zaidi ya kilomita 900, ukiwa na mamia ya vivuko vinavyopita chini ya barabara kubwa. Theluji ikianguka usiku, mitambo hutoka kabla ya mapambazuko, na njia kuu za baiskeli zinatakiwa ziwe zimesafishwa kabla ya saa moja asubuhi. Hawakwangui mpaka lami ionekane. Huacha tabaka gumu la theluji iliyoshindiliwa, wakalichanja ili lisiwe laini, wakamwaga kokoto ndogo palipo na utelezi. Mwaka 2013 mji huohuo ulipokea kongamano la kwanza la kimataifa la baiskeli za majira ya baridi, na wageni wakaenda kujionea kwamba kinachowatoa watu nyumbani asubuhi ya theluji ni kujua kwa hakika kwamba njia itapitika. Ushujaa una sehemu ndogo sana hapo.

Mtaniambia kwamba wengi wetu hatuishi Oulu. Ni kweli. Tuko zaidi Helsinki, Espoo, Vantaa, Turku, Tampere, na wengine katika miji midogo walikopangiwa na serikali. Tena hali ya hewa ya kusini ni ngumu zaidi kwa baiskeli, ingawa baridi yake ni ndogo: joto huchezea kwenye sifuri, theluji ikayeyuka na kuganda tena. Hilo linazidi kunishawishi kwamba kinachotakiwa ni mafunzo, kwa sababu huku kusini huwezi kuendesha kwa mazoea. Lazima ujue leo kuna nini chini ya tairi lako.

Baridi yenyewe nitaipitia upesi, maana ndiyo inayoogopwa kuliko zote na ndiyo rahisi kuliko zote. Mwili unaokanyaga pedeli ni jiko tosha. Mtu akienda kilomita 20 kwa saa siku ya nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa mwendo wake hufanya ngozi iliyo wazi ihisi kama ni nyuzi 18 chini. Kwa hiyo kinachofunikwa ni ngozi iliyo wazi: masikio, pua, vidole. Kiwiliwili hakihitaji koti zito la kusimamia kituoni. Koti hilo humfanya mtu atoke jasho, na jasho ndilo humgandisha akisimama kwenye taa za barabarani. Kanuni wanayoijua wenyeji ni kuondoka nyumbani ukihisi ubaridi kidogo, na baada ya dakika tano uko sawa. Glavu za vidole vyote pamoja, zile zinazoacha dole gumba peke yake, hushinda glavu za vidole vitano. Wenye pumu au ugonjwa wa moyo wana sababu ya kweli ya kumwuliza daktari kwanza, kwa kuwa hewa kavu ya baridi kali hubana kifua. Kwa wengine wote hili ni suala la nguo, na nguo tunazifundisha tayari.

Barafu ndiyo inayostahili hofu, na hapa hofu yetu imekosea tarehe. Mtu huogopa Januari, nyuzi 20 chini ya sifuri. Kumbe theluji kavu ya siku kama hiyo, ikishashindiliwa, hushika tairi vizuri, unaisikia ikilia chini ya gurudumu. Hatari iko Novemba na Machi, joto linapochezea kwenye sifuri: mchana theluji inayeyuka, usiku maji yanaganda, na alfajiri lami inaonekana imelowa tu kumbe imevaa utando wa barafu. Saa hiyohiyo ndiyo mama wa usafi anatoka nyumbani. Taasisi ya utafiti wa barabara na usafiri ya Uswidi, VTI, imeonyesha kwamba takribani wanane katika kila kumi wa waendesha baiskeli wanaoumia vibaya nchini humo huwa wameanguka wenyewe, bila kugongana na gari wala mtu. Watu wetu wanaliogopa gari, na wako sahihi kuliogopa, lakini kinachowavunja nyonga na viwiko mara nyingi zaidi ni kona moja iliyoganda.

Dawa ya kona hiyo inauzwa dukani. Ni tairi ya misumari. Ukiishika mkononi utaona mpira wa kawaida uliopandwa vijipini vya chuma, kila kimoja kikichomoza kidogo tu, na ncha yake ni ya chuma kigumu kisicholika haraka na lami. Kwenye lami kavu hunguruma na kukuchelewesha kidogo. Kwenye barafu kelele hupungua na ncha zinauma. Fedha ikitosha tairi moja, ifungwe mbele: gurudumu la nyuma likiteleza, mtu ana nafasi ya kulirudisha au kutoa mguu chini, ila la mbele likiondoka ameshaanguka. Mengine ni ya kufundishana kwa mazoezi na hayana gharama yoyote. Siti ishushwe kidogo ili nyayo zote zifike chini. Upepo wa tairi upunguzwe, bila kwenda chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kwenye barafu usikate kona wala kufunga breki ya mbele. Acha kukanyaga mapema, nenda wima, pinda ukishavuka. Cheni ipanguswe na kutiwa oili mara kwa mara, maana chumvi ya barabarani huila. Taa za betri ziingizwe ndani usiku kwa sababu baridi hunyonya chaji. Na Aprili, theluji ikishaondoka, zile kokoto zilizomwagwa majira yote hubaki njiani zikiwa na ncha kali, basi huo ndio msimu wa pancha. Mambo haya Mfini huyachukua kwa baba yake akiwa na miaka saba. Mtu aliyefika hapa na miaka thelathini na tano hana wa kumwambia ila sisi.

Sasa giza, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu giza linaua. Helsinki, mji wa kusini, hupata chini ya saa sita za mchana Desemba inapofika katikati. Maana yake anayefanya kazi ya kawaida huenda gizani na kurudi gizani. Dereva anayetumia taa za chini humwona mtu mwenye nguo nyeusi asiye na riflekta akiwa umbali wa kama mita 50. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa humaliza mita hizo kwa sekunde mbili na ushei. Katika muda huo dereva anatakiwa aone, aelewe anachokiona, aondoe mguu, akanyage breki, na gari likubali kusimama kwenye utelezi. Halitasimama. Mtu huyohuyo akiwa na riflekta huonekana kutoka mita 150 hivi, na hapo dereva ana muda wa kufanya yote. Kifaa chenyewe kina asili hapahapa: Arvi Lehti, mtu wa Pertteli kusini magharibi mwa nchi, ndiye aliyetengeneza riflekta ya kuning'inia iliyoenea duniani, na sheria ya Ufini humtaka hata mtembea kwa miguu avae riflekta gizani. Ni kipande cha plastiki kilichofungwa kwa uzi kwenye mfuko wa koti. Mara nyingi hugawiwa bure. Nenda kwenye ibada zetu za jioni Novemba uhesabu makoti yenye riflekta na makoti matupu, nawe utaona kazi iliyo mbele yetu.

Watu wetu wengine wamenunua vile vizibao vya rangi ya ndimu wakidhani wamemaliza. Joanne Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia, waliwapima madereva usiku kwenye barabara iliyofungwa. Mwendesha baiskeli mwenye nguo nyeusi karibu hakutambuliwa kabisa. Mwenye kizibao cha rangi kali isiyo na riflekta alitambuliwa mara chache tu, kwa kuwa rangi hiyo hung'aa kwa nguvu ya mwanga wa jua, na usiku jua halipo. Kizibao chenye riflekta kilifikisha nusu. Aliyeongeza mikanda ya riflekta magotini na vifundoni alitambuliwa mara tisa kati ya kumi. Sababu ni kwamba jicho la binadamu hulijua umbo la mtu kwa mwendo wa viungo vyake. Doa la mwanga linalopanda na kushuka mguuni humwambia dereva papo hapo kwamba mbele kuna mtu anayekanyaga pedeli. Mikanda miwili ya vifundoni ina bei ya vikombe viwili vya kahawa. Sijui kitu kingine chenye bei hiyo kinachoweza kumrudisha mzazi nyumbani.

Taa nazo ni sheria. Tangu tarehe 1 Juni 2020 baiskeli inayoendeshwa gizani au kiza kikianza lazima iwe na taa nyeupe au ya njano hafifu mbele na nyekundu nyuma. Kabla ya hapo ya nyuma haikulazimishwa, kwa hiyo baiskeli nyingi za mtumba wanazonunua watu wetu hazina kabisa. Katika mji wa Odense, Denmark, watafiti waliwafungia maelfu ya waendesha baiskeli taa zinazowaka muda wote, usiku na mchana, wakawalinganisha kwa mwaka mmoja na wasio nazo. Ajali zenye majeruhi zilikuwa chache kwa asilimia 19 kwa wale wenye taa. Taa zilizofungwa moja kwa moja kwenye baiskeli, zinazowashwa na dainamo au sumaku ya gurudumu, zina faida moja kuu: mtu aliyechoka saa kumi alfajiri hana cha kusahau.

Kuna maneno ambayo hatuyasemi mikutanoni lakini yanasemwa jikoni, kwamba Mwafrika haonekani gizani kwa rangi yake. Tuyaseme wazi ili tuyamalize. Mwendesha baiskeli wa Januari amefunikwa kuanzia kofia hadi buti. Dereva anaona koti, suruali na magurudumu. Mfini mwenye koti jeusi na Mkongomani mwenye koti jeusi wote hawaonekani, na wote wawili wakifunga riflekta wanaonekana. Hakuna sababu ya mtoto wetu kukua akiamini kwamba ngozi yake ni kasoro ya usalama barabarani.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine ni la wale walio nje ya miji. Vituo vingine vya kupokea wageni na nyumba za bei nafuu viko kando ya barabara kuu zenye mwendo wa kilomita 80, bila njia ya pembeni na bila taa hata moja. Huko sitamshauri mtu yeyote aingie gizani kwa baiskeli ati kwa sababu barua imesema. Mafunzo mazuri yanafundisha pia barabara ya kukataa, na siku ya kukataa: mvua inayoganda ikigusa ardhi ni siku ya basi, au ya kuomba ruhusa. Lakini tusichukue barabara mbaya kuliko zote tukaifanya kipimo cha nchi nzima. Helsinki ilipitisha mwaka mzima, kuanzia Julai 2024 hadi Julai 2025, pamoja na majira ya baridi yake yote, bila kifo hata kimoja cha ajali ya barabarani. Zaidi ya nusu ya mitaa ya mji huo ina kikomo cha kilomita 30 kwa saa. Kwa familia inayoishi umbali wa kilomita tano kutoka kazini kwenye mji wa namna hiyo, hesabu ni nyingine kabisa.

Wengine watasema hii ni kazi ya manispaa, tusibebe mzigo wa serikali. Kusafisha njia ni kazi ya manispaa, nami nataka tuidai kwa sauti kubwa zaidi. Mtafiti Anna Bergström alionyesha nchini Uswidi, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwamba matunzo bora ya njia wakati wa baridi yangeweza kuongeza safari za baiskeli za majira hayo kwa asilimia 18 na kupunguza za magari kwa asilimia 6. Stockholm iliamua katika muongo uliopita kutanguliza njia za miguu na za baiskeli, kwa hoja kwamba wanaozitumia zaidi ni wanawake. Uamuzi huo ulikejeliwa sana theluji kubwa ya Novemba 2016 ilipouzidi mji nguvu, ila hoja yake haijavunjika: barabara za magari zikisafishwa kwanza, anayesubiri ni mama anayekwenda zamu. Manispaa za Ufini hupokea malalamiko ya njia zisizosafishwa kwa simu na kwa mtandao, na mtambo hupelekwa panapolalamikiwa. Mitaa yenye watu wetu wengi hulalamika kidogo kwa sababu ya lugha na kwa sababu ya kutozoea kuiambia serikali kitu ikasikia. Jumuiya yenye waendesha baiskeli thelathini wa majira ya baridi itakuwa na watu thelathini wanaojua ni kivuko kipi kimeganda, na katibu wake ataweza kuandika barua moja yenye majina ya mitaa. Mafunzo ndiyo yatakayotupa hao thelathini.

Liko pia suala la heshima. Kwa baadhi ya wazee, mtu aliyevuka bahari kisha akaonekana juu ya baiskeli ameshindwa maisha. Gari ndiyo dalili ya kufika. Naelewa wazo hilo lilikotoka. Kwetu baiskeli imebeba mzigo wa umaskini kwa muda mrefu. Lakini tukumbuke pia nani waliiendesha. Bodaboda kabla ya kuwa pikipiki ilikuwa baiskeli, ikivusha abiria na bidhaa mpakani Busia. Vijana wa Burundi hushuka milima mikali hadi Bujumbura na mikungu ya ndizi iliyojaa keria. Wanawake na wanaume wa Shinyanga na Tabora hubeba maji, pamba na wagonjwa kwa baiskeli. Hao walisomesha watoto, na baadhi ya watoto hao ndio ninyi mnaosoma barua hii. Katika nchi hii waziri na mfagiaji hukutana kwenye njia moja ya baiskeli, na anayemcheka Mwafrika kwa kuendesha baiskeli kwa kawaida ni Mwafrika mwenzake. Neno moja la mchungaji au imamu mimbarini litaondoa aibu hiyo haraka kuliko semina kumi.

Kwa akina mama jambo ni zito zaidi, kwa sababu wengi hawakuruhusiwa kujifunza wakiwa wasichana. Kumpeleka mwanamke wa miaka arobaini kwenye barafu wakati hajawahi kukaa juu ya baiskeli ni kumwumiza. Kwao mafunzo yaanze Mei, kwenye nyasi, pedeli zikiwa zimetolewa ili ajizoeze kusukuma kwa miguu na kushika mizani, mbali na macho ya wanaume na simu za kurekodi. Mfano upo. Bikebridge ya Freiburg, Ujerumani, imewafundisha wanawake wakimbizi kuendesha baiskeli, na The Bike Project ya Uingereza hutengeneza baiskeli zilizoachwa, huwapa wakimbizi, na huendesha masomo ya wanawake peke yao. Hijabu nyembamba hukaa vizuri chini ya helmeti. Gauni refu linataka baiskeli yenye fremu ya chini, kava la cheni na wavu juu ya gurudumu la nyuma, basi; baiskeli za aina hiyo zimejaa kwenye maduka ya mitumba kwa sababu mabibi wa Kifini nao huvaa magauni.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti mpya. Kila jumuiya iteue watu wawili, mwanamke na mwanamume, ambao tayari wanaendesha mwaka mzima, wapo, wanafahamika. Jumamosi mbili za Septemba zitumike kukagua baiskeli za watu kwenye uwanja wa kanisa, msikiti au shule: breki, taa, cheni, madigadi. Mwezi wa Oktoba watu watoke pamoja jioni, gizani, kwenye njia wanazozitumia kwenda kazini, ili kila mmoja aone mwenyewe mwenzake mwenye riflekta na asiye nayo wanavyoonekana kwenye taa za gari. Barafu ya kwanza ikitanda kwenye maegesho matupu, wakafanyie mazoezi ya kusimama na kukata kona hapo, kwa mwendo wa kutembea. Tairi za misumari zinunuliwe kwa utaratibu uleule wa vikundi vyetu vya kuchangiana, watu watano wakimaliziana msimu mmoja, wengine unaofuata. Zikitunzwa hudumu miaka kadhaa. Liikenneturva, shirika la usalama barabarani la nchi hii, lina maelekezo ya bure yanayoweza kufasiriwa kwa Kiswahili na wanafunzi wetu wa vyuo kwa siku chache, kisha yasomwe kwa sauti kwenye vikundi vya simu, maana si wote wanaosoma kwa urahisi.

Mikutano yenu mingi ya mwaka hufanyika kati ya Mei na Agosti. Naomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda kwa jina lake, lipewe msimamizi na tarehe, na taarifa yake isomwe Desemba: wangapi wamefundishwa, wangapi bado wanaendesha, nani ameanguka na wapi, ni njia zipi tuziandikie manispaa. Mimi niko tayari kusaidia kufasiri maelekezo hayo na kuja kwenye ukaguzi wa Septemba wa jumuiya yoyote itakayoniita.

Wasalaam,
Mwanajumuiya mwenzenu